Sahihi ya Mkaguzi wa Umeme

Mkaguzi wa umeme alikuwa na mikono mikubwa isiyo na haraka. Kabla ya kushika swichi yoyote aliugusa kwanza ukuta kwa mgongo wa kiganja, kisha akasema "haya" kama anayembembeleza mtoto. Chumba hadi chumba, vivyo hivyo. Mama mwenye nyumba alimfuata nyuma akisema nyumba haina neno na cheti cha ukaguzi kipo, ila mimi mpangaji ndiye mwenye mishipa mibovu. Maana mwaka mzima nilikuwa nalalamika kwamba bomba la bafuni linanipiga shoti, hata mwanangu nikawa namwogeshea uani kwa ndoo.

Bafuni mkaguzi aligusisha testa ya kupimia umeme kwenye bomba, ikawaka. Akaifuta kwa shati, akarudia, ikawaka tena. "Lakini mwaka jana uliipitisha wewe mwenyewe!" mama mwenye nyumba akasema, akamkabidhi cheti. Mkaguzi alikisoma akichezesha midomo. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akaitazama sahihi yake.

"Dada," akaniuliza taratibu, "mwaka jana niliingia humu?"

"Hata sura yako siijui, kaka."

Akaenda kuzima umeme wa nyumba nzima, akarudi, akajiegemeza mlangoni. "Nilisaini getini," akasema. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kumfokea au kumshukuru. Nilimpa maji ya kunywa. Akayanywa yote, akauliza mtoto wangu ana umri gani.