Dakika Tano Fisksätra

Optatus Magesa ni mtu asiyejua kusema hapana, na mimi siioni kuwa sifa hata kidogo. Watanzania wa Stockholm humsifia kwa hilo, lakini wao hawaishi naye. Pakiwa na harusi, mshereheshaji ni yeye. Mgeni akitua Arlanda na koti jepesi la Dar es Salaam, wa kumpokea ni yeye. Mtu akifiwa, machozi hayajakauka, simu yake imeshaita: Optatus, tunapangaje? Anitha, aliyekuwa mke wake, alivumilia miaka saba. Mwisho akamwambia, "Wewe hukunioa mimi, uliioa jumuiya," akahamia Södertälje na mtoto wao Maya.

Maya ana miaka sita. Kila baada ya wiki mbili huja kwa baba yake Spånga, Ijumaa mpaka Jumapili jioni. Ndivyo walivyokubaliana, ila baba mtu alishamwangusha mara mbili: mara moja walipaswa kwenda bwawa la kuogelea, wakaishia kuhamisha samani za watu, mara nyingine ilikuwa sherehe ya kuzaliwa kwake, akafika keki imeshaliwa. Mwezi wa kumi na mbili Anitha alimwambia bila hata kupandisha sauti, "Ukimwangusha tena, wikiendi basi. Utamwona Jumapili moja kwa mwezi, na jioni anarudi." Aliyasema hayo mlangoni, Maya akiwa amechuchumaa palepale anavua viatu, anasikia kila neno.

Basi Optatus akanunua tiketi mbili za onyesho la kuteleza kwenye barafu. Ilikuwa hadithi ya binti mfalme aliyeibiwa kivuli chake na mzee wa barafu, na mbweha anayemsaidia kukitafuta. Maya hakuwa na habari na binti mfalme. Shida yake ilikuwa mbweha. Wiki tatu nzima alishinda na masikio ya mbweha kichwani, ya kitambaa cha rangi ya chungwa, na shuleni walimbembeleza ayavue walau wakati wa kula. Onyesho lilikuwa Jumapili saa tisa alasiri, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Jumamosi ikaja habari kwamba mama yake Mzee Zakayo amefariki Musoma. Mzee Zakayo anakaa Fisksätra, na Jumatatu alfajiri angesafiri kwenda kuzika. Huyu si mtu wa kutumiwa ujumbe wa pole. Miaka kumi na minne iliyopita, Optatus alipokuja kusomea ufundi wa malori, Zakayo alivua koti lake mwenyewe pale uwanja wa ndege akamvika. Optatus akakaa jikoni na ratiba za treni. Wafike Fisksätra Jumapili saa saba kamili, watoe pole, wakae dakika tano, wadake treni ya saa saba na dakika ishirini. Fisksätra haiko njiani kwenda kokote kule, lakini kwenye ratiba yake aliiweka njiani.

Dakika tano za msibani! Angekuwa mtu mwingine tungemsamehe kwamba hajui. Lakini huyu ndiye ambaye miaka yote husimama karibu na mlango wa kila msiba, akiwageuza watu kwa upole: ndugu zangu, tusiondoke kabla ya maombi, tusiwaache wafiwa peke yao. Aliijua sheria kwa sababu yeye ndiye alikuwa mlinzi wake.

Walipofika, viatu vilikuwa vimejaa mlangoni mpaka kwenye ngazi. Ndani, Mzee Zakayo alikuwa amekaa kwenye kochi, mabega yameanguka. Optatus akampa mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mzee wangu."

"Nimeshapoa, mwanangu. Maadamu umefika, sasa mambo yatakwenda."

Maneno hayo yalimgongomea sakafuni. Hata hivyo, saa saba na robo alijikaza akainuka. Hajafika mlangoni, akakutana na Mama Wambura anatoka jikoni na sinia.

"Unakwenda wapi, baba? Mchungaji yuko njiani."

"Mama, nina udhuru kidogo na mtoto."

"Udhuru gani wa kushinda huu?"

Angesema nini? Chumba kimejaa watu wenye macho mekundu, halafu yeye aseme anakimbilia kumwona mbweha anayeteleza kwenye barafu? "Ni jambo la mtoto tu, mama," akasema.

"Basi mtoto ale kwanza."

Mtoto akala. Mchungaji akaingia saa nane na dakika kumi, akiomba radhi kwa kukosea basi, na kama kufidia akahubiri kirefu. Optatus alisema amina huku akiuma meno. Alimkasirikia mchungaji, akamkasirikia Mama Wambura na wali wake, akamkasirikia hata marehemu, kisha akaona haya kumkasirikia marehemu. Saa nane na dakika hamsini akainuka tena. Safari hii aliyemzuia ni Mzee Zakayo mwenyewe.

"Mwanangu, Musoma wako hewani. Toa salamu za pole kwa niaba yetu, ndipo uende."

Kompyuta iliwekwa juu ya meza, nyuso za Musoma zikatokea, zikaganda. Mnatusikia? Tunawasikia, nyie mnatusikia? Optatus akaanza kwa sauti yake ile nzuri inayompa matatizo yote haya, akafika katikati, mtandao ukakatika. Wakapiga tena. Akaanza upya, ukakatika. Mara ya tatu Maya alikuja akasimama nyuma yake na gauni lake linalometameta. Alikuwa amejifunza kusoma saa mwezi huo huo.

"Pappa," akanong'ona kwa Kiswidi, "saa tisa imepita."

Optatus akainua kidole kimoja: bado kidogo. Akamaliza salamu. Watu wakalia kwa jinsi zilivyokuwa nzuri.

Wakakimbilia mlangoni, wakakuta buti moja la Maya halipo. Walipekua viatu vya watu arobaini. Lilipatikana mguuni kwa mtoto mwingine aliyekuwa anachezea theluji kwenye roshani, ameingiza mguu wa kulia kwenye buti la kushoto wala hana habari. Kufika stesheni, treni inaondoka. Iliyofuata ilikuwa baada ya nusu saa, na kwa nusu saa hiyo Optatus alitembea huku na huko akijitukana kimoyomoyo kwa Kikurya, lugha ambayo mtoto haijui. Maya alikaa kwenye benchi akitikisa miguu.

Kwenye ukumbi walifika saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Milango ilikuwa wazi, watu wanatoka. Watoto walikuwa wanarukaruka, mashavu mekundu, wanaigiza jinsi mbweha alivyoanguka makusudi. Optatus alisimama na simu mkononi, tiketi mbili zinawaka kwenye kioo.

"Maya, mwanangu, baba anaomba msamaha."

"Det är okej," akasema Maya, kwamba hamna neno. Hakulia. Akamshika mkono wakaenda kupanda treni ya Södertälje, na utulivu wake ukamuumiza Optatus kuliko ambavyo kilio kingemuumiza.

Treni ilikuwa imeshavuka maji simu ilipoita. Ni Anitha. Maya aliidaka kabla baba yake hajapata la kusema.

"Ilikuwaje, mama?" sauti ya Anitha ikasikika.

"Nzuri sana! Mbweha aliruka juu ya moto, halafu akaanguka makusudi, watu wakacheka. Na pappa alipiga makofi kuliko wote."

Aliyasema yote bila kusitasita, hata na kicheko kidogo mahali pake. Optatus alimtazama. Angekaa kimya tu, wikiendi zake zilikuwa salama. Akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Anitha, si kweli. Hatukuona kitu. Tulichelewa Fisksätra."

"Najua," Anitha akasema. "Picha yako ukitoa salamu za pole iko kwenye grupu la WhatsApp tangu saa tisa na nusu, na mtoto yupo nyuma yako amevaa masikio. Nilitaka kusikia atasema nini. Ana miaka sita, Optatus. Miaka sita." Akakata simu.

Maya alikuwa anamkodolea macho baba yake, na sasa ndipo machozi yalipoanza kumtoka, ya hasira tupu.

"Kwa nini umesema?" akamuuliza. "Nilikuwa nimeshamaliza vizuri. Sasa sitakuja tena kwako."

"Maya, huwezi kumdanganya mama kwa ajili yangu."

Maya alijifuta pua kwa mkono wa koti.

"Mbona siku zile nyingine nilipomdanganya ulinyamaza?"