Nyavu Nilizoshona Mlango Umefungwa

Watu wa ziwa wana sheria nyingi, na ukizichunguza utaona nyingi zinamhusu mwanamke. Asivuke wavu uliotandazwa. Asishike kasia. Asikanyage mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, akiwa kwenye siku zake. Asimuulize mume anakokwenda akishashika njia ya ziwani. Samaki wakija kwa wingi, mwanamume ana mkono mzuri. Wakikosekana, waulizeni wake zao walifanya nini nyumbani. Nimeishi chini ya sheria hizi tangu utotoni, kwanza kule Kivu ya Kusini kando ya Ziwa Tanganyika, kisha hapa Nakivale, na mtu akiniuliza kama zina ukweli wowote nashindwa kumjibu kwa upole.

Baba yangu alikuwa mvuvi asiyejaliwa mtoto wa kiume. Macho yake yalipoanza kupungua nguvu, alinikalisha ndani ya nyumba akanifundisha kushika sindano ya mti, kupima jicho la wavu kwa kibao, na kufunga fundo lisiloteleza hata likilowa. Kabla ya kuanza alifunga mlango. Akaniambia watu wakijua wavu umeguswa na msichana hakuna atakayepanda naye mtumbwini. Nilikuwa mdogo, nikaona ni mchezo wa siri kati yangu na baba. Nilipenda sana siri hiyo.

Nilipoolewa, mume wangu naye alikuwa mtu wa ziwa. Aliponiona siku moja nimemzibia tundu kubwa la wavu wake bila kubaki alama, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniletea nyavu zote zilizochanika. Halafu akafunga mlango.

Tulikimbia vita, tukafika Uganda, tukapewa kiwanja Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nililima mahindi na maharagwe, na kwa mavuno yangu tukapata mtumbwi. Alipakia nyavu kwenye baiskeli akaenda ziwani, na mwaloni wakaanza kumsifu. Nyavu zake hazikatiki. Nyavu zake zina bahati. Wavuvi wenzake walimuuliza dawa anaitoa wapi, naye akawajibu kuwa ni urithi wa ukoo wake. Jioni alinisimulia sifa hizo akila, na mimi nikicheka pamoja naye. Nikikumbuka kicheko changu kile natamani kujizaba kofi.

Sitaki kusema kila wanachoamini ni uongo. Kule kwetu walisema mwezi mpevu unafukuza ndagala, yaani dagaa, na ni kweli, kwa sababu ndagala huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka kote taa yako inamvuta nani? Lakini wenzetu walibeba sheria hiyo mpaka huku, kwenye ziwa hili dogo la ngege na kambare, ambako hakuna anayevua kwa taa, na wapo waliokuwa wakikaa nyumbani wakati wa mwezi huku wenyeji wakipakia samaki. Mvua kubwa huleta kambare kwenye matete, hilo pia ni kweli, maji yakipanda naye anafuata chakula. Kupiga mluzi kunaita upepo? Mume wangu alipiga mluzi kila siku ya maisha yake, na upepo wa hapa huja saa zake, uupigie mluzi au usiupigie. Ila mambo ya mwezi na mvua mtu anaweza kuyapima akajua. Mambo ya mwanamke hakuna aliyewahi kuyapima, maana hakuna aliyetaka.

Samaki wakaanza kupungua. Kila mwenye macho alijua sababu. Watu walikuwa wakitega nyavu za macho madogo, wakizoa vifaranga vya ngege ambavyo hata paka anakuona umemtania ukimpa. Lakini mwaloni walikaa wakaamua kuwa tatizo ni wanawake wanaofua karibu na mitumbwi. Wakawafukuza wanawake na ndoo zao. Samaki hawakurudi. Wakasema labda kuna mwanamke aliyerudi kwa siri.

Mume wangu yeye akaanza kutega pembeni, ndani ya matete, ambako samaki walikuwa bado wapo kwa sababu viboko nao wapo. Hilo nililijua baadaye. Asubuhi ile alipotoka sikumuuliza anakwenda upande gani, kwa sababu mke wa mvuvi haulizi. Ukiuliza, samaki wanasikia jina la mahali na wanahama. Nilimfungia wavu nyuma ya baiskeli, nikamwambia aende salama, basi.

Hakurudi. Wenzake walimtafuta kwenye maji ya wazi, kule walikozoea kumwona, mchana kutwa. Wakaja kuniuliza: alikuambia anakwenda wapi? Nikawaambia mmetukataza kuuliza. Waliinamisha vichwa wakarudi ziwani. Kesho yake jioni ndipo mtumbwi ulipoonekana matetani umepinduka, na yeye hapo karibu, na mbavu zake zimevunjwa na kiboko. Aliyemuosha aliniambia huenda hakufa papo hapo, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado umeshika tete. Neno hilo ninalala nalo na kuamka nalo. Kama ningeuliza swali moja tu la kawaida, ambalo mke wa mkulima humuuliza mumewe kila siku, tungejua pa kwenda.

Kwenye matanga, mdogo wake mume wangu alisimama chini ya turubai. Naye ni mvuvi, ana nyavu, lakini mtumbwi alikuwa akiazima. Akasema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa:

"Mutu hawezi kufa hivi hivi. Kiboko iko na batu banaituma. Bibi wa ndugu yetu aseme mbele ya batu bote: alifanya nini ku nyumba?"

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nimelia mpaka sauti imekatika, lakini hasira ilinirudishia sauti. Niliona wakati umefika wa kusema ukweli, maana niliamini ukweli utanitetea. Nikasimama.

"Ile nyavu mulikuwa munasifu miaka yote, njo mimi nilikuwa nashona," nikasema. "Kila fundo ni ya mukono yangu. Mulikula samaki ya ile nyavu, mukauzisha, mukasomesha batoto. Mwanamuke angekuwa anaharibu wavu, mungekula nini?"

Nikawaona wazee wawili watatu wakitazamana, nikadhani wamenielewa. Kisha shemeji yangu akageukia watu, akafungua mikono yake.

"Mumesikia? Amesema yeye mwenyewe. Njo kile kilimuua."

Basi. Ikawa hivyo. Miaka yote ile ya samaki wengi haikuhesabiwa, ikahesabiwa asubuhi moja ya kiboko. Nilichokitoa kama utetezi wangu kikawa ushahidi wao. Hapo ndipo nilipofahamu jinsi sheria za ziwa zinavyofanya kazi: ukizivunja na mambo yakaenda vizuri, huonekani; siku mambo yakiharibika, ni wewe. Utazishindaje? Jirani yangu Mrundi, mama Mkatoliki asiyejua hata kuogelea, ndiye peke yake aliyenishika bega. Akawageukia wale watu: "Mwe mbona munachukia mutu amewalisha?" Akaniambia hajawahi kusikia mtu akiuawa na fundo la uzi.

Familia ikakaa, ikaamua. Mtumbwi ukaenda kwa shemeji. Nikawaambia mtumbwi ule ni jasho langu la shambani, wakasema mwanamke hana mtumbwi. Kiongozi wetu wa zoni alisema hayo ni mambo ya ukoo na yeye hawezi kuingia. Ule wavu wa mwisho, uliokutwa matetani, hakuna aliyetaka kuugusa. "Muiache, iko na mukosi," shemeji akasema, wakanitupia uani. Nikauosha, nikauziba, nikautundika ndani ya nyumba.

Mjane mwenye wavu na mtumbwi anaweza kuishi. Vijana wanavua, mnagawana samaki nusu kwa nusu, kila mtu anakwenda kwake. Nilikuwa na wavu mzuri kuliko yote ya pale, lakini hakuna kijana mwenye mtumbwi wake aliyekubali kuutia majini. Nikaamua kuuza. Nikaukunja ndani ya mfuko, nikapanda gari, tukapita Kaberebere, nikateremka Mbarara na kutafuta duka la nyavu nililokuwa nikilisikia kwa mume wangu. Mwenye duka, mtu wa Biharwe, aliutandaza mezani akaanza kuvuta macho kwa vidole. Alikuwa anajua kazi yake.

"Nyabo, mama, hii kitu nani alitengeneza? Huyu ni fundi kabisa."

"Ni mimi."

Akacheka, akamwita mwenzake aje wacheke pamoja. Sikubishana. Nilichukua uzi na sindano pale dukani, nikamfungia mafundo mbele ya macho yake, mpaka kicheko kikaisha.

"Sawa, mimi nanunua," akasema taratibu. "Na ukileta ingine nanunua. Lakini wewe usiambie mtu. Mimi nitasema imetoka Masaka, kuna mzee moja huko anatengeneza. Wakijua ni mwanamke hawawezi kununua."

Alikuwa hana ubaya, nadhani. Alikuwa anafanya biashara. Lakini nilimwona kama anainuka kwenda kufunga mlango. Nilikuwa na njaa siku ile, na nyumbani sikuwa na chumvi, na bado nikaukunja wavu wangu nikarudi nao Rubondo. Watu wananiambia huo ulikuwa ujinga. Huenda. Mtu akishachoka kufungiwa mlango hachagui vizuri.

Msimu wa mahindi ukapita. Shemeji alivua kwa mtumbwi wangu, na nilisikia kwamba mambo hayamwendei. Nyavu zake alizifuma ovyo tangu zamani, zikanasa visiki, zikachanika. Nikamwombea mabaya, sitaficha. Halafu Jumapili moja, wakati majirani wote wako ibadani na nyimbo zinasikika kutoka kila kanisa, mimi nikiwa nimebaki kwa sababu ya homa, nikamwona shemeji anaingia uani na gunia.

"Shemeki, habari ya asubuhi," akasema, mtu ambaye hakuwa amenisalimu tangu matanga. Akaingia ndani bila kukaribishwa, akamwaga wavu chini. Ulikuwa matundu matupu.

"Unitengenezee hii. Batu bote beko ku kanisa, hakuna mutu atajua."

Nilimtazama.

"Hauogope?" nikamuuliza. "Ulisema mukono yangu inaua."

Akacheka kidogo, kama watu wazima wanavyocheka mbele ya mtoto.

"Eh, shemeki. Ile ni maneno ya ku matanga. Mimi naamini ile maneno?"

Akanyoosha mkono akausukuma mlango ukafungika.

Hakuwa ameamini. Hata siku moja. Ningemsamehe mtu mwoga, kwa sababu ziwa linatisha na mtu anayeogopa hushika chochote. Wale wazee waliotazamana, hao waliogopa kweli. Huyu alitaka mtumbwi, akaona uongo uko tayari, umeshatengenezwa na babu zake, akauokota. Na mimi kwa uongo huo nilikuwa nimelala njaa, nimepitwa mwaloni kama mwenye ukoma, na usiku nimejiuliza mwenyewe, Mungu anisamehe, kama kweli vidole vyangu ndivyo vilivyomuua baba wa nyumba yangu.

Nilichukua sindano yangu. Nikauokota wavu wake, nikaufungua mlango, nikatoka nao nje. Nikautundika juu ya kamba ya nguo, pale uani kwangu ambapo njia ya kutoka kanisani inapita, nikaweka kigoda, nikakaa, nikaanza kuziba.

"Shemeki, ingia ndani," akasema kutoka mlangoni.

Nikafunga fundo.

"Shemeki, nakuomba. Batu banatoka."

Kweli walikuwa wanatoka. Walikuja na vitenge vyao vizuri na viatu vyao vya Jumapili, wakapunguza mwendo, wengine wakasimama kabisa. Wavuvi walikuwamo. Shemeji naye alikuwa ametoka, kasimama karibu na ukuta na gunia tupu mkononi. Yule jirani yangu Mrundi akaja mpaka kwenye kamba, akashika ncha ya wavu, akauliza kwa sauti, maana yeye haongei polepole hata akiwa mgonjwa:

"Mama, huu wavu ni wa nani?"

Nilimwelekezea sindano shemeji yangu, watu wote wakamgeukia. Ilikuwa zamu yake kusema mbele ya watu wote. Angesema tu kwamba ni wake, ameniletea nimtengenezee, na neno la matanga lingekuwa limefutwa hapo hapo, na mimi ningemzibia wavu ule bure mpaka mwisho wa maisha yangu. Naapa ningefanya hivyo. Alitazama wavu, akatazama wale wavuvi wenzake.

"Siyo yangu," akasema. "Mimi siijui."

Akakunja gunia lake, akapita katikati ya watu, akaenda zake. Wengine walimfuata kwa macho, wengine wakanitazama mimi, kisha kila mtu akakumbuka chakula chake cha mchana.

Niliumaliza ule wavu siku chache baadaye. Hakuja kuuchukua. Nimeutundika ndani, kando ya ule wa mume wangu, na mlango nauacha wazi. Sasa nina nyavu mbili, na sina mtumbwi.