Kanisa lilimlinda mume wangu siku saba, nusura tukose pensheni

Wakuu, nawasalimu kutoka Kathonzweni, huku ambako mvua ikianza watu hutoka nje kwanza kuhakikisha.

Mimi ni mama mzee. Simu hii nimeizoea juzi tu, kwa hivyo mkiona herufi kubwa mahali pasipofaa mnisamehe. Ninayosema hapa ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, binti yangu Ndunge yuko humu ndani na hana huruma.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja anayelia kuhusu gharama za kumtunza mkewe mgonjwa, na makaratasi ya kazini yanayomzungusha. Nikasema wacha nimpe yangu ya miaka ya themanini. Acheke kidogo, halafu arudi kwenye fomu zake.

Mume wangu aliitwa Musyoka. Alikuwa dereva wa greda, ile mashine ya kulainisha barabara za murram. Serikali ilimwajiri akiwa kijana na aliifanyia kazi karibu miaka ishirini. Mtu nadhifu, mpole, wa kanisa. Pombe hakuwahi kuionja. Hata kaluvu, ile pombe yetu ya kienyeji, alikuwa anaipita kwenye arusi kama anapita nyoka.

Mimi nilitoka Matinyani, upande wa Kitui, nikaolewa huku kwa sababu ya hiyo greda. Msinicheke. Mwanaume apite kwenu juu ya mashine ya manjano, vumbi nyuma, kofia imekaa sawa, wewe ungefanya nini?

Basi, alipokaribia miaka arobaini mambo yakaanza.

Kwanza yalikuwa mabega. Yaliruka kidogo, kama mtu anayefukuza nzi. Halafu vidole, utadhani anapiga kinanda. Halafu akaanza kuyumba akitembea.

Halafu barabara nazo.

Wakuu, kuna kipande alichokilainisha mwaka huo kikatokea na kona tatu mahali ardhi ni tambarare kama meza. Hata ng'ombe hawakuzifuata, walikata katikati. Foreman alisimama juu ya pickup akaangalia kazi ile kwa muda mrefu. Hakuuliza kama mtu ni mgonjwa. Aliandika ripoti: dereva analewa kazini.

Barua ikaja. Ajieleze kwa nini asifutwe kazi.

Nilikimbia ofisini. Karani alikuwa mama mmoja kutoka Murang'a, mkristo wa kweli, kwa sababu angeweza kunifukuza na hakunifukuza. Akafunga mlango akaniambia, "Sikiza Mama Ndunge. Akifutwa juu ya ulevi, anaenda nyumbani na kofia yake pekee. Lakini akienda medical board, madaktari waseme ni mgonjwa, anaretire na pension mpaka kufa. Kitu itawamaliza ni hii neno ulevi. Tafuta watu wa heshima waandike hanywangi."

Kwa hivyo kazi zangu zilikuwa mbili tu. Nionyeshe mume wangu hanywi, na nionyeshe ni mgonjwa. Nikaona rahisi. Kumbe sijui ninakoenda.

Watu wa heshima niliowajua walikuwa wazee wa kanisa letu. Shida ni kwamba hao wenyewe walikuwa wameshamweka Musyoka benchi ya nyuma.

Nieleze. Musyoka alikuwa anasaidia kugawa Meza ya Bwana. Jumapili moja mkono ukaruka na trei nzima. Vikombe vile vidogo vya juisi nyekundu vilipaa, vikatua kwenye kitambaa cheupe cha mwenyekiti wa akina mama. Yule mama alikaa tu amefumba macho, akidhani ni Roho ameshuka. Alipofungua na kujiona, kamati ilikaa siku hiyo hiyo, ikasema Musyoka amelewa.

Nilipopeleka ombi langu, kamati ikajibu kwamba kanisa haliwezi kuandika jambo ambalo halijashuhudia. Na ushahidi ni wa watu wawili au watatu. Kwa hivyo wakapitisha kwamba wazee watatu watakuja kukaa kwetu siku saba, wamlinde Musyoka asubuhi mpaka asubuhi, waone kama anakunywa.

Niliwashukuru. Hata nilipiga magoti. Laiti ningejua wanavyokula!

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kijana wa ule uzi aliuliza kuhusu gharama. Watu hudhani gharama ni dawa. Mume wangu gharama yake ilikuwa chakula. Mwili ambao hautulii unachoma kila kitu. Alikula muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, sufuria nzima, akala ugali wa watu watatu, na bado suruali ilimwanguka. Mama mkwe alinitazama kama mtu anayemnyima mwanawe. Nilikuwa fundi wa nguo pale sokoni, na nilishona cherehani ikapata moto nimlishe mtu mmoja huyo.

Sasa nikaongezewa wazee watatu.

Walifika Jumatatu na Biblia, blanketi na ratiba. Ndiyo, ratiba. Kila saa moja mzee mmoja amnuse Musyoka mdomo, na aweke sahihi. Mkuu wa kunusa akachaguliwa Mzee Nzuki, katibu wa kanisa, kwa sababu ya uaminifu wake. Kitu ambacho kamati haikujua, na mimi nilijua kwa kumfulia koti, ni kwamba Mzee Nzuki alikuwa anavuta ugoro kwa siri tangu ujana. Pua yake haikuwa na habari ya chochote. Ungemuweka kwenye zizi la mbuzi akakuambia ni maua.

Anamwinamia Musyoka, ananusa kwa makini, anafumba macho, anasema, "Safi." Anaandika.

Siku ya tatu mzee mwingine alinusa akaruka nyuma. Kikao cha dharura kikaitwa chini ya ghala. Ilichukua nusu ya asubuhi mimi kuwathibitishia kwamba ule ni uji wa kuchacha, na kwamba wao wenyewe walikuwa wamekunywa vikombe viwili viwili. Ikabidi wanusane.

Siku saba zikaisha na kuku wangu saba wakaisha. Jogoo nilimficha kwa jirani.

Siku ya mwisho waliomba. Wakuu, waliomba mpaka mabati yakatetemeka. Waliamuru ugonjwa uende, jina baada ya jina, mpaka wakamaliza magonjwa yote wanayoyajua. Halafu Mzee Nzuki akaandika barua, akapiga muhuri wa kanisa, akabandika bahasha kwa gundi. Sikuifungua. Mtu anafunguaje bahasha ya kanisa?

Siku ya bodi tulienda Machakos, maana wakati huo sisi wote wa huku tulikuwa chini ya Machakos. Mimi, Musyoka, na Mzee Nzuki kama shahidi.

Nilikuwa nimemshonea Musyoka koti lenye mifuko mirefu. Aliniomba mwenyewe. Sikufikiria kwa nini.

Madaktari walikuwa watatu nyuma ya meza. Mkubwa wao alikuwa na miwani mizito. Akamuuliza Musyoka, "Unasikia nini mwilini?"

"Niko salama kabisa, daktari," akasema mume wangu. Mikono yote miwili imezama mifukoni mpaka kwenye viwiko. Miguu ameisokota kwenye miguu ya kiti. Jasho linamtoka.

Nilitaka kumfinya. Miezi yote hiyo alikuwa amejifunza kujificha ili watu wasiseme amelewa, na sasa alikuwa anajificha mbele ya watu pekee waliotakiwa kumwona!

Daktari akafungua bahasha ya kanisa akasoma kwa sauti:

"Tumemkagua ndugu Musyoka siku saba. Hanywi pombe. Tena hana ugonjwa wowote. Ana afya kamili na nguvu za kazi. Bwana asifiwe."

Daktari akavua miwani. "Mama, kama hanywi na si mgonjwa, hizo kona zilitoka wapi?"

Miaka ishirini ya kazi ya mtu ilikuwa inakwenda na karatasi ile, na muhuri juu. Niliona watoto wangu, niliona sufuria tupu, niliona Musyoka akifa polepole huku watu wakimcheka njiani. Nilifungua mlango nikamvuta Mzee Nzuki, aliyekuwa akingoja nje, ndani kwa mkono. Mzee wa kanisa, wakuu. Mimi, mke wa mtu.

"Mzee, mlikula kuku wangu saba. Mliandika nini hapa?"

Alisimama ameshika kofia kifuani.

"Daktari, ni mimi niliandika," akasema. "Tulikuwa tumemuombea. Nikaona nikiandika ni mgonjwa, ni kama sina imani. Niliandika ile kitu tuliomba. Sikuandika ile kitu niliona."

"Na uliona nini?"

"Mchana yote huyu mtu hatulii. Hata akiketi, miguu inaenda safari. Chai amenimwagia siku nne. Lakini usingizi ikimshika, kila kitu inanyamaza, kama redio imeishiwa na betri. Akifungua macho tu, inaanza. Mimi nimeona walevi, daktari. Pombe haiwezi kuzimwa na kuwashwa hivyo."

Daktari akaanza kuandika haraka. Akamwambia Musyoka atoe ulimi na auache nje. Ulimi ukatoka, ukarudi. Ukatoka, ukarudi, kama mjusi anayechungulia. Mzee Nzuki naye akatoa wake kumsaidia. Nikajikuta hata mimi nimetoa. Tulikuwa watatu mbele ya serikali na ndimi nje, na ni wa Musyoka pekee uliokataa kukaa.

"Baba yako alikuwaje?" daktari akauliza.

Musyoka akaangalia chini. "Baba alikuwa mlevi."

"Hapana," akasema Mzee Nzuki.

Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Baba yake alikuwa anaruka hivi hivi. Mimi nilikuwa kijana, ndio nimefanywa katibu. Ni mkono yangu iliandika jina yake kwa kitabu ya waliotengwa juu ya pombe. Hakuna mtu alimlinda hata siku moja. Alikufa akiwa nje ya kanisa."

Musyoka alitoa mikono mifukoni, akaiweka juu ya meza ya madaktari, akaiacha iruke inavyotaka. Ilipiga kidau cha wino kikaanguka. Hakuna aliyekiokota. Nililia pale pale, kilio cha kelele, na sikuona aibu.

Ndipo tukapewa jina: Huntington. Daktari alisema hauna tiba, unazidi polepole, na ni wa ukoo. Mtoto anaweza kuuchukua au asiuchukue. Hilo la mwisho nililisikia na kulifungia ndani kwa miaka mingi.

Miezi ikapita. Barua ikaja: amestaafishwa kwa sababu ya ugonjwa, pensheni yake na kiinua mgongo chake vyote salama. Nilimsomea mlangoni.

"Inasema nililewa?" akaniuliza.

"Inasema wewe ni mgonjwa."

"Mgonjwa kabisa?"

"Kabisa. Na sahihi tatu."

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. "Asante Ngai, Mungu wangu. Mimi ni mgonjwa!"

Jumapili hiyo barua ilisomwa kanisani. Ndiyo mara pekee nimeona kanisa likipiga makofi na vigelegele kwa sababu ndugu amethibitishwa hatapona. Mgeni mmoja aliyekuwa amepita kutoka Makindu alitoka nje kabisa, akidhani ameingia kwa watu wabaya. Musyoka akaitwa mbele. Alitembea akiyumba katikati ya mabenchi, akakanyaga vidole vya watu watano, na wote watano wakasema amina.

Halafu Mzee Nzuki akafungua kile kitabu cha zamani. Akasoma jina la baba yake Musyoka, akasema mbele ya wote kwamba kanisa lilikosea, na akalikata lile neno pombe kwa kalamu.

Musyoka aliishi miaka kumi zaidi. Pensheni ilinunua maziwa, mafuta, mayai, na mahindi ya gunia. Ilinunua godoro la chini, na kiti kizito ambacho hakingeweza kuruka naye. Haikuwa nyingi, lakini ilifika, na alikufa ameshiba. Hilo ndilo ninalojivunia kuliko lolote.

Ndunge amepita umri ule baba yake alioanza kuruka, anatembea kama askari wa gwaride. Mdogo wake naye yuko sawa mpaka leo. Lakini huyu mdogo akimwaga chai, mimi huacha kupumua kidogo. Hofu hii sijawahi kumwambia yeye wala Ndunge. Sasa watasoma hapa.

Nilichojifunza, kijana wangu wa ule uzi: maombi yapeleke kwa Mungu, na bodi uipelekee ulichokiona. Andika kila kitu, hata cha aibu. Alikula nini, alianguka wapi, akilala anakuwaje. Mgonjwa wako atajikaza mbele ya daktari, kwa hivyo usimshonee mifuko. Na barua ya mtu yeyote, hata iwe na muhuri wa mbinguni, ifungue uisome kabla hujaibeba.

Wengine mlioko humu, hebu semeni. Katika ukoo wenu, ni nani mliyemwita mlevi miaka yote, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwona na kikombe?