Kengele Isiyofika Kibakwe

Henry Mazengo alikuwa mtu wa kutembea. Nilimfahamu tangu alipohamia Makole na mkewe Frida, wakapanga nyumba iliyopakana na yangu. Kwa miaka mingi nilimwona akienda kazini kwa miguu, viatu amevishika mkononi mpaka anapofika kwenye lami, ndipo anavipangusa na kuvivaa. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, mrefu, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Watu wa namna yake hawakuwa wakiota magari. Gari lilikuwa la mkurugenzi, na hata mkurugenzi alilipata kwa kibali.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikafungulia watu biashara. Niliisoma kwenye magazeti kama wengine, nikaelewa nusu. Nusu nyingine niliiona kwa macho. Duka la vitambaa la mzee Gulamrasul, pale Uhindini, ambako marehemu mke wangu alipewa kiti na maji ya kunywa kabla ya kuulizwa anataka kanga gani, lilibomolewa ukuta wa nyuma, na mwanawe Alnoor akaanza kuuza humo magari yaliyokwisha kutumika Japani. Kiti kiliondolewa. Maji sikuyaona tena.

Henry hakutaka gari kwa majivuno. Mama yake alipofariki kule Kibakwe, yeye alikuwa amesimama stendi ya Dodoma akisubiri basi ambalo halikuja. Kesho yake alipanda lori la mahindi, lori likalala Mpwapwa, na alipofika kwao vilimani kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu wanakunywa uji. Baba yake, Mzee Mazengo, hakumlaumu. Alisema tu, "Tulikusubiri mpaka jua likatukataa."

Henry alirudi mjini na maneno hayo, na sidhani kama yalimtoka tena. Sasa mzee mwenyewe alikuwa amebaki peke yake, akipikiwa na jirani, ugonjwa wa vikope umemla macho. Henry alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani: baba yake atakapomwita, afike.

"Nataka gari la familia," aliniambia jioni moja kwenye ua, "lakini liwe na mbio. Tukitoka kazini Jumamosi mchana, jua lisituchwee njiani. Lipande vilima vya kwetu. Na bei iwe ya mtu kama mimi."

"Hayo ni magari matatu," nikamwambia. "Wewe unataka yakae kwenye moja."

Akacheka. "Ndiyo maana nakuomba twende wote, Baba Generosa. Wewe tangazo unalisoma mpaka yale maandishi madogo ya chini."

Wakati huo Mzee Mazengo alikuwa Dodoma, ameletwa kutazamwa macho. Daktari alikuwa ameshasema ukweli: yaliyokwenda yamekwenda. Kwa hiyo Jumamosi hiyo tulikwenda kwa Alnoor kama watu wanaokwenda kuposa: Henry, Frida, watoto wao wanne, mzee na fimbo yake, na mimi.

"Shikamoo wazee," alisema Alnoor. Adabu ya baba yake ilikuwa bado haijamtoka yote. "Karibuni. Chagueni, macho hayana kodi."

Palikuwa na Land Rover kuukuu ya shirika fulani lililokufa, Peugeot 504 ndefu yenye viti vya watu saba, na Carina nyeupe ya milango minne, ubavuni imeandikwa Twin Cam kwa herufi nyekundu.

Mimi moyo wangu ulikwenda kwenye Peugeot. Lilikuwa gari la enzi zetu, gari ambalo likipita kijijini watu walijua kuna jambo, wakasimama. Nilisema hivyo. Frida alizunguka nyuma yake, akainama, akanusa kama anayenusa nyama buchani.

"Hili linakunywa oili, Baba Generosa. Tazama hapa chini."

"Oili kidogo tu."

"Kidogo kila siku. Kulinunua rahisi, kuishi nalo ndiyo kazi. Hilo Land Rover nalo tutafika Kibakwe Jumatatu, wakati wa kurudi."

"Mama Cecilia anajua magari," Alnoor akasema.

"Sijui magari. Najua mshahara wa mwalimu na mpiga chapa." Akageukia watoto. "Ingieni kwenye hili jeupe. Wote. Cecilia, mpakate mdogo wako. Baba, na wewe. Sasa fikirieni kuna gunia miguuni na kuku wawili."

"Kuku wako wapi, mama?" aliuliza mdogo.

"Wewe ndiye kuku. Kaa!"

Wakakaa. Wakaenea, kwa kubanana. Alnoor alifungua boneti akaanza kueleza habari za injini, kwamba Twin Cam maana yake ina kemu mbili pacha, na jinsi inavyovuta kuliko magari makubwa na bado inakunywa petroli kwa kijiko. Henry alisikiliza huku akikishika kile chuma kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa. Shida ilikuwa moja. Akiba yake ilitosha Peugeot. Kwa Carina ilipungua, na mahali pekee pa kujazia ni kwenye zizi la baba yake, na hilo Henry alikuwa hajathubutu kulitamka.

Tulikwenda kulijaribu hilo jeupe. Frida na watoto walishuka, tukabaki wanaume: Alnoor mbele na Henry kwenye usukani, nyuma mimi na mzee. Tulishika barabara ya Morogoro, tukapita Ihumwa. Ilikuwa ile saa ya mchana ambapo nchi yetu yote inaelea, milima ya mbali imenyanyuka juu ya ardhi, na lami mbele yako ni maji ambayo huyafikii. Gari halikutetemeka. Nilikuwa nimezoea safari inayokugonga mgongoni ili ujue unasafiri; hii ilikuwa kama kulala huku unachukuliwa. Nikawa kama nimesinzia.

Ghafla ndani ya gari, sijui wapi, kengele ikaanza kulia. Ting', tong'. Ting', tong'. Laini, kama inatoka ng'ambo ya bonde.

Henry akaondoa mguu. Kengele ikanyamaza. "Alnoor, gari lako linaumwa!"

"Haliumwi, bwana. Wajapani waliweka wenyewe. Ukivuka kilomita mia linakuonya unakimbia mno. Rudi tena, utaona."

Henry akakanyaga. Ting', tong'. Mzee Mazengo alikuwa amekaa wima, uso ameuelekeza juu.

"Nani amemfunga kengele?" aliuliza.

"Mzee, ni ya kuonya kasi," akasema Alnoor.

"Hata yangu. Madoa akitembea, kengele inasema polepole. Ikilia mbio, ujue kuna fisi."

"Basi huku fisi ni trafiki," Alnoor akasema, na sote tukacheka isipokuwa mzee. Yeye aliendelea kusikiliza. Madoa alikuwa dume lake la maksai, kiongozi wa ng'ombe wake wachache.

Tulipogeuza gari Buigiri, mzee alisema maneno ambayo hakuna aliyemwomba. "Ng'ombe siwaoni tena. Najua walipo kwa kengele ya Madoa tu. Yuko mtoni. Yuko bondeni. Anarudi. Nikimwuza, nitakaa pale nje nasikiliza nini?" Nyumba za mjini zilipoanza kuonekana, akaendelea. "Lakini huyu naye ana kengele. Henry, ukija, utakuwa unakuja nayo?"

"Nitakuja nayo, baba."

"Nitaisikia kabla hujafika?"

"Utaisikia."

"Basi uzeni ng'ombe."

Henry alisimamisha gari pembeni, akajifanya anatazama tairi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria barabara ya Kibakwe ilivyo.

Ng'ombe waliuzwa. Mnunuzi alinunua mnyama, hakununua kengele, kwa hiyo mzee aliivua mwenyewe shingoni mwa Madoa, akaitundika kwenye nguzo ya nyumba. Carina ikaja Makole, na mtaa ukabadilika kwa siku moja. Watu waliokuwa wakinisalimu mimi wakaanza kuisalimu Carina.

Safari ya kwanza ya Kibakwe nilikwenda nao. Mpaka Mbande, ambapo unaiacha lami, kengele iliimba na watoto wakaimba nayo. Baada ya hapo ni changarawe, mashimo, makorongo, halafu vilima. Henry aliendesha vizuri, na gari lilipanda kama lilivyoahidiwa. Mapajani mwangu kuku mmoja alilala usingizi kabisa. Jua lilikuwa bado liko juu tulipofika. Lakini kuanzia Mbande kengele haikulia hata mara moja. Ingeliaje? Kwenye njia ile hakuna anayefika kilomita mia na akabaki hai.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, ameelekeza sikio barabarani. Carina ilisimama hatua chache kutoka kwake.

"Mbukwa," alisema, akimsalimu kwa Kigogo mgeni asiyemjua. "Gari la nani hilo?"

"Ni mimi, baba."

"Henry?" Mkono wake ulitafuta hewani. "Mbona sikusikia?"

Henry alieleza habari ya mwendo na lami. Mzee aliitikia kwa heshima, kama mtu anavyoitikia habari za serikali. Mwisho akasema, "Kumbe kengele imebaki mjini." Hakurudia tena. Lakini jioni ile zizi lilikuwa tupu, upepo ukapita katikati ya miti yake, na nilimwona anageuza kichwa kila upande akitafuta sauti ya kukamata.

Asubuhi Henry alifanya jambo la kijinga. Kuna uwanda karibu na shule, akalipeleka gari huko peke yake na kuanza kukimbia, vumbi hadi mbinguni, mbuzi wanatawanyika. Alikwenda, akageuka, akaja tena. Tulisimama na mzee nje tukisikiliza injini inavyopiga kelele. Kengele, kimya. Aliporudi, nywele zake zilikuwa za kizee kwa vumbi.

"Mshale umefika themanini," akasema. "Uwanda umeisha."

"Na mbuzi wa watu nusura waishe," akasema Frida. "Unataka kufika kwa baba au kufika kaburini? Mpumbavu we!" Alikuwa hajawahi kumwita hivyo mbele ya watu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kengele ya Madoa na kipande cha ngozi, akapiga magoti vumbini na kitenge chake kizuri, akaifunga chini ya bampa la mbele.

"Mama Cecilia," Henry akanong'ona, "hii ni Twin Cam."

"Sasa ina ya tatu."

Wakati wa kuondoka, mzee alitaka kutusindikiza. Zamani mgeni alisindikizwa mpaka mtoni, mnatembea mnaongea, na maneno makubwa ya ziara nzima yalisemwa hapo, mkiwa hamtazamani usoni. Siku hizi mtu anawasha injini, anapunga mkono dirishani, na ziara imekufa. Nilingoja kuona. Henry alitia gia ya kwanza, akaiachia Carina itambae, na mzee akashika dirisha, akatembea nasi. Kengele ilisema polepole. Yale magurudumu ya mbio yalikwenda mwendo wa kipofu mpaka mtoni, na waliyosemezana baba na mwana mimi sikuyasikia, maana nilijitahidi nisiyasikie.

Mjini walimcheka. Ofisini walisema ng'ombe wa Henry amefika. Alnoor alimsimamisha barabarani: "Bwana Henry, nimekuuzia injini ya pacha, wewe umeivisha kengele ya maksai! Utaniharibia soko." Henry alijibu kwamba atampelekea wateja wenye zizi. Vijana wa mtaa walipiga miluzi ya wachungaji kila alipopita. Hakuifungua. Mtu mpole vile, aliyekuwa akivua viatu ili visichafuke, alipita na kengele yake mbele ya wakubwa.

Ilikuwa msimu wa mavuno ya ulezi habari ilipokuja kwamba mzee ameacha kula. Henry alituchukua palepale. Kwenye lami kengele ya Wajapani iliimba kutoka Ihumwa mpaka Mbande bila kunyamaza, na hakuna aliyemwambia apunguze. Tulipoingia vumbini ikakatika, na ya Madoa ikapokea. Kongwa ikapita, Mpwapwa ikapita. Vilima vya Kibakwe vilikuwa vya buluu, halafu vya kijani, halafu vikawa chini yetu, na ile sauti ikatutangulia kwenye mabonde, ikirudi kwetu kutoka upande wa pili kana kwamba kuna kundi zima linatembea ng'ambo.

Jirani anayempikia alitusimulia baadaye. Mzee alikuwa amelala, hazungumzi. Sisi tukiwa bado chini kabisa ya kilima, hata injini haijasikika, alifumbua macho yake yasiyoona, akasema, "Anarudi," akaomba fimbo.

Tulimkuta amesimama kwenye lango la zizi. Alikuwa ameshaondoa miti ya lango yote, akaiweka kando kama ilivyokuwa desturi yake ng'ombe wakirudi, na mti wa mwisho alikuwa bado ameushika mkononi. Henry alielewa. Hakusimama nje. Aliiongoza Carina polepole, ikaingia zizini kwenye samadi kavu, na akazima.

Mzee aliifuata kwa kuipapasa, taa, ubavu, mpaka akafika mbele, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Una joto," akaiambia. "Umekimbizwa."

"Ndiyo, baba," akasema Henry. "Tumekimbia."

"Jua bado lipo?"

"Bado lipo."

Mzee akaurudisha mti wa kwanza langoni, na Henry akamshikia wa pili.