Shemeji Anasema Marehemu Mke Wangu Aliuziwa Mkebe

Nakuru, Jumapili baada ya kanisa.

Kwako Admin,

Nakuomba ufiche jina langu, kwa maana shemeji yangu husoma ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tatu, naishi Section 58. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo wasomaji mnivumilie.

Mke wangu, Mama Nekesa, alituacha mwaka jana. Alikuwa akiuza mitumba, leo Karagita, kesho Mai Mahiu, na alizunguka na gari kuukuu ya hybrid, ya petroli na betri, aliyoichagua mwenyewe. Hadi leo sijasogeza kiti cha dereva. Kiko pale alipokivuta yeye, mbele kabisa, na mimi naendesha magoti yakigusa usukani.

Gari hiyo ina tangi dogo la pili mbele, la maji yanayopoza mitambo ya umeme. Kila asubuhi alifungua kifuniko chake gari ikiwa imewashwa, akachungulia. Pampu ikifanya kazi, maji yanachezacheza. Alikuwa akiniita, "Baba Nekesa, njoo uone, yanacheka. Twende!" Aliweka coolant tu, yale maji maalum ya kupoza, ya rangi ya waridi, na kibuyu chake hakikutoka kwenye buti. Nikimwambia maji ya mfereji yapo bure, alicheka akionyesha meno yake ya kahawia kama yangu. "Haya maji yameshaharibu meno yangu. Gari yangu hayataigusa."

Tulimzika nyumbani kwetu magharibi. Kaka yake, ambaye nitamwita Wafula, ndiye aliyeendesha gari ya marehemu nyuma ya gari la maiti, imejaa akina mama. Asubuhi hiyo alichota jagi la maji bafuni kwangu akajaza lile tangi dogo la mbele. Akaniambia, "Shemeji, nimeinywesha, isituaibishe njiani." Mimi nilikuwa nimeketi tu, sikujua hata viatu nilivyovaa.

Baadaye nilienda Mai Mahiu kufunga kibanda chake. Nikirudi na mlima, taa nyekundu ikawaka, gari ikaisha nguvu, malori yakanipigia honi. Wafula alikuja na kanta yake, lile lori dogo, akanivuta hadi nyumbani. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Mzee, hizi za betri ni kama simu. Ikizima, umenunua ingine." Wa pili alitaka kubadilisha betri yote. Wa tatu aliniuliza kama nauza milango.

Lakini kilichoniumiza ni mkutano wa familia, tulipokaa kupanga siku ya kuweka msalaba kaburini. Nilisema natamani msalaba uende kwa gari yake. Wafula akatikisa kichwa. "Shemeji, dada yangu namlilia kila siku, lakini kwa hiyo gari alichezwa. Mwanamke ana macho ya nguo, si ya injini. Aliuziwa mkebe!" Watu walicheka. Hata binti yangu Nekesa alitabasamu kidogo. Mtu ambaye hawezi kujitetea akachekwa mbele ya picha yake ukutani.

Nikaamua kuitengeneza mwenyewe. Niliwasha gari, nikafungua kile kifuniko kama yeye. Maji yalikuwa yametulia kama ya kisimani. Basi nikajua ni pampu. Nilitafuta nyingine, nikatazama video kwenye simu, nikachomoa betri ndogo, na zile nyaya za rangi ya chungwa, za umeme mkali, sikuzigusa. Pampu imejificha chini ya taa ya mbele. Bolti moja ilinitoa damu, nikaitukana, halafu nikaomba msamaha kwa sababu ilikuwa ni kama namtukana yeye.

Nilipoitoa ile ya zamani, nilikaa chini. Ndani ilikuwa imeshikwa na gamba jeupe, gumu. Gamba hilo nalijua. Liko ndani ya birika langu la chai, liko kwa birika la kila jirani. Ni maji yetu. Ni lile jagi la bafuni.

Nilisuuza njia yote, nikafunga mpya, nikajaza coolant yake. Ikakataa! Taa ile ile. Nilikaribia kuipiga teke. Kumbe hewa ilikuwa imenaswa ndani. Majirani wakanisaidia kuisukuma hadi kwenye mwinuko wa geti, pua juu, nikawa nabinya mpira wa maji kwa mkono kama mtu anayekamua ng'ombe mkaidi. Mapovu yakatoka, yakatoka, halafu maji yakaanza kucheka. Nililia hapo kwa geti kama mtoto.

Jana Wafula alipita, akaikuta inanguruma. "Eh, mkebe umefufuka! Uza upesi, shemeji, kabla haujakufa tena. Dada alidanganywa, kubali tu." Ile pampu ya zamani nilikuwa nayo mkononi, nimeifunga kwa kitambaa. Nikaificha nyuma ya mgongo. Nikamwambia, "Karibu chai."

Huyu ni mtu ambaye kila Jumapili hunipigia kuuliza kama nimekula. Alimwaga machozi kaburini kunishinda. Nikimwonyesha gamba hilo, atajua kwamba ni mkono wake ulioiua gari ya dada yake, siku ile ile alipokuwa akimsindikiza. Nikinyamaza, tutafika nyumbani na msalaba, atarudia mzaha wake mbele ya ukoo, na Mama Nekesa atabaki mjinga aliyeuziwa mkebe. Yeye ndiye peke yake aliyejua gari hiyo inataka nini.

Pampu iko kabatini, karibu na birika. Nishaurini ndugu zangu, niitoe au niizike?

Mwezi ujao tutapanda mlima wa Timboroa kwenda nyumbani, na msalaba wake nyuma, na mimi kwenye kile kiti chake, magoti juu. Siku hiyo mnikumbuke.