Ulimi wa Ndama

Ndama akinilamba kiganja kwa ulimi ule unaokwaruza, namkumbuka mdogo wangu. Ndama walikuwa wanatuacha sisi wote, wanamlamba yeye shingoni. Alikula kutuzidi, lakini mbavu zilimtoka. Kifua kilikoroma, choo chake kilijaa mafuta. Ngozi yake ilikuwa na ladha ya chumvi, Mama akaona chumvi imemzidi mwilini, akaanza kumpikia sombe lake la majani ya muhogo kando, bila chumvi. Siku moja ya jua kali alilegea zizini. Nikambeba mbio hadi hospitali, Mama nyuma yangu.

"Munamupatiaka chumvi?" daktari akauliza.

"Hapana, dokotere. Iko nayo mingi."

"Mama, inamutoka yote na jasho! Mapafu, tumbo, jasho: ni ugonjwa mumoja."

Mama akatoka mbio kutafuta chumvi. Mimi nikatumwa nyumbani kufungia ng'ombe. Zizini ndama akaanza kunilamba jasho la mgonjwa wetu lililokaukia kwenye mikono niliyombebea. Nikamsukuma kwa nguvu. Chumvi ile ilikuwa ya mdogo wangu.