Neno Alilolikwepa Sajini

Njia ya lami iliyopita mbele ya karakana yake aliiita "hiyo ya magari." Ile kubwa zaidi, inayokwenda mpaka katikati ya mji, ilikuwa "ile pana." Mambo yakienda vizuri alisema yamekaa sawasawa, na mteja akiuliza kama kufuli limepona alijibu, "Jaribu mwenyewe."

Binti yake alikuwa na miaka tisa alipogundua kwamba kuna neno moja ambalo baba yake halitamki. Akaanza kumtega.

"Baba, magari hupita wapi?"

"Hupita panapopitika."

"Na ukifunga mlango vizuri kabisa, unasema umeufunga vipi?"

"Nasema umefungwa. Na wewe funga mdomo."

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Baba hakucheka.

Neno lenyewe lilikuwa barabara.

Binti alikua, akawa mwalimu, mama akafariki, na neno hilo halikusikika nyumbani kutoka kinywani mwa baba. Binti alilichukulia kama kipara au kikohozi, jambo la baba tu.

Mtaa mzima ulimwita Sajini, ingawa tangu avue magwanda alikuwa ametengeneza makufuli kwa miaka thelathini na sita. Nishani yake aliiweka ndani ya kopo la springi zilizochakaa. Watu waliijua habari yake kwa kusomewa gazeti la zamani: kwamba katika kinu cha unga, peke yake, aliua maadui kumi na wawili mpaka wenzake walipofika. Vijana walipomuuliza mle ndani walikuwa wangapi, aliwajibu, "Tulikuwa wengi kuliko nafasi," akarudi kwenye tupa yake.

Binti ndiye aliyeandika barua kwa kamati ya mtaa, kuomba njia inayopita mbele ya karakana ipewe jina la baba yake. Hakumwambia. Kamati ikakubali kwa makofi, na mwenyekiti akaja mwenyewe kuleta habari.

"Iteni jina la waliopondaponda kokoto zake," Sajini alisema. "Mimi nilikuwa hapa kivulini."

"Unyenyekevu huo, mzee wetu, ndio ushujaa wenyewe!"

"Kwa hiyo mtu akikataa kiti unachompa, ni shujaa?"

Mwenyekiti alicheka, ila hakuondoka. Binti ndiye aliyemshinda baba. Alimwambia kwamba hajawahi kumwomba kitu tangu mama azikwe, na sasa anaomba hiki kimoja. Sajini akasema, "Basi nishoneshe suti." Akaenda kupimwa kwa fundi cherehani wa pale kona.

Siku mbili kabla ya sherehe, saa nne asubuhi, binti akiwa karakanani maana shule zilikuwa zimefungwa, mwenyekiti aliingia na bango la bati kwapani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mwalimu, njoo uone! Aliyeandika ulimi wake umemponza mpaka kwenye brashi. Litarudiwa, lakini lazima mzee alione kwanza."

Akalilaza juu ya meza ya kazi. Herufi nyeupe, nzuri, zilisema: BALABALA YA SAJINI.

Sajini alilisoma. Kisha mzee akalitwaa bango, akalibana kwenye jiliwa, akashika nyundo ya kilo mbili.

Alipiga. Bati likajikunja, rangi ikaruka vipande, na mwenyekiti akarudi nyuma mpaka akaangusha rafu ya funguo. Sajini aliendelea kupiga. Pigo moja likatua kwenye kidole gumba chake, ukucha ukang'oka, naye akapiga tena, damu ikitapakaa juu ya herufi mpaka hapakuwa na herufi.

"Baba!"

Aliiacha nyundo ianguke, akatoka. Binti akamfuata mbio. Hakwenda kunawa, hakwenda zahanati. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi cherehani.

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mtani wa kila mtu. Kaka yake alikwenda vitani pamoja na Sajini na hakurudi. Jeshi liliandika kwamba alitoroka. Mama yao alikufa akiitwa mama wa mtoro, naye mwenyewe alikuwa dada wa mtoro hata kwa watu waliovaa nguo alizowashonea. Kwa miaka yote hiyo kufuli la duka lake likikwama, Sajini alifika kabla hajaitwa, na binti aliona huo ni ujirani mwema tu.

"Kaka Sajini, suti yako hii, nimebakisha vifungo tu," alisema bila kuinua macho. "Ila kwenye sherehe usinitafute. Sitaki wakutazame wewe shujaa halafu wageuke kunitazama mimi..." Akaiona damu. "Yesu wangu, umekatwa na nani?"

"Nimekuja kukwambia habari za Lisasi," Sajini alisema.

Lisasi ndilo jina ambalo kikosi kilimpa kaka yake. Herufi ya R haikumtii tangu utotoni. Risasi kwake ilikuwa lisasi, na wenzake walimcheka mpaka wakamwita hivyo.

Sajini alisimama wima katikati ya vitambaa, mikono ubavuni, kidole kikidondosha, akasimulia kama anayetoa ripoti.

Mzinga ulipiga kinu mchana, maadui wakavamia. Magunia yakapasuka, unga ukajaa hewani pamoja na moshi, na kila mtu mle ndani akawa mweupe, kofia, uso, bunduki. Ukimwona mtu hujui ni wako au ni wao. Alikuwa ameliona hilo mapema, ndiyo maana asubuhi aliwapa watu wake neno la kutambuana. Maadui walitoka ng'ambo ya mto, ambako watu hawaitamki herufi ile, kwa hiyo akachagua neno lenye herufi hiyo mara mbili. Alijiona mjanja. Lisasi akanung'unika, "Sajini, neno gani hilo la kunivunja meno?" Wote wakacheka, naye akamjibu, "Wewe tutakujua kwa harufu."

Wa kwanza alimpiga risasi karibu na mkanda wa mashine. Wa pili alimchoma singe kwenye mbavu, singe ikakwama, ikabidi amkanyage kifua ili kuichomoa, na yule mtu alikuwa bado anamtazama. Wa tatu alimponda kichwa kwa jiwe la mizani. Maadui walikuwa wamesikia neno likiitwa, wakawa wanalijibu, lakini kwa ulimi wao. Alipouliza "Neno!" na jibu likaja limepinda, alifyatua. Wa sita alikuwa kijana, alilisema akilia. Akafyatua. Kufikia wa tisa hakuwa anasikiliza neno tena, alisikiliza ile herufi tu. Kidole kilikuwa kinasikia chenyewe.

"Wa kumi na mbili alishuka ngazi ya ghala akikohoa," alisema. "Nikauliza neno. Akajibu. Nikampiga shingoni. Nilipomgeuza kuchukua risasi zake, nikapata harufu ya ile tumbaku yake ya kutafuna."

Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Hakufa hapo hapo. Damu iliingia kwenye unga ikawa kama uji. Nilimziba kwa kiganja, ikapita katikati ya vidole. Alikuwa anataka kusema kitu. Kisha moto ukafika kwenye magunia, nikamwacha, kinu kikaungua na wote waliokuwemo. Kamanda akauliza nimeua wangapi. Nikasema kumi na wawili. Ndiyo idadi. Hakuniuliza akina nani."

"Alijibu nini?" fundi aliuliza. "Ulipomuuliza neno, alijibu nini?"

"Alijibu kama alivyokuwa akisema siku zote."

"Balabala," mwanamke yule alisema polepole, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili.

Akainuka, akachukua ile futi nene ya mbao ya kupimia, akampiga nayo usoni. Nyusi ikapasuka. Akampiga shingoni, mabegani, kwenye kile kidole kisicho na ukucha. Sajini hakuinua mkono. Binti alijitupa katikati, akapigwa yeye kwenye kiwiko.

"Toka hapo!" baba yake alimfokea, kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia. "Mwache amalize!"

Futi ilivunjika. Fundi akashika mkasi, na binti akapiga kelele, lakini mwanamke yule aliigeukia suti iliyoning'inia, akaikata kutoka ukosi mpaka pindo, kipande baada ya kipande, akihema.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Unanitengenezea kufuli." Akautupa mkasi. "Kesho asubuhi utakwenda na mimi kwa hao walioandika kwamba alitoroka. Utayasema hayo hayo. Yote."

"Nitayasema, dada."

"Usiniite dada."

Walikwenda. Binti aliwasindikiza, na katika ofisi ya jeshi waliketi ncha mbili za benchi moja, mzee akiwa na nyuzi saba kwenye nyusi. Sherehe haikufanyika. Watu waliokuwa wakimsalimia kwa saluti walianza kuvuka upande wa pili, na mtu akaandika MUUAJI kwa mkaa kwenye mlango wa karakana. Sajini hakuufuta. Miezi mitano baadaye barua ilifika kwa fundi cherehani: mahali palipoandikwa mtoro, sasa paliandikwa aliuawa vitani. Aliibandika dukani, juu ya cherehani. Kwa Sajini hakuja kamwe, ila kufuli lake lilipokwama alimtumia, limefungwa kwenye gazeti, bila salamu.

Kifua kilimlaza Sajini mwezi uliofuata. Binti alikuwa akimwogesha, akimgeuza, akimtafuta usoni yule mtu wa kwenye kinu, akimpata, kisha anampoteza tena. Hakujua kama amemsamehe, wala kama ni yeye wa kusamehe.

Alasiri moja aliinuka kwenda shuleni kusahihisha madaftari. Ili kuwahi, alizoea kukatiza uchochoro wa nyuma ya kiwanda cha mbao, ambako wiki hiyo mtu alikuwa amechomwa kisu. Alikuwa ameshashika kitasa aliposikia sauti ya baba yake, nzito, kila herufi ikiwekwa mahali pake.

"Shika barabara, mwanangu."